Tisa Juu ya Kumi

Nilitoa tisa juu ya kumi.
Niliandika kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha katoni,
nikakibandika mlangoni pa chumba chetu cha michezo, Nyawera,
pale ngazi zinapogeuka kuelekea kwa fundi wa viatu:
"Falme za Chumvi. Mchezo wa mwaka. Nimeucheza."

Nimeucheza.
Usiku tatu, ndugu zangu.
Bosi Muhigirwa alitaka neno kabla ya Ijumaa,
kabla duka la Essence halijaanza kuuza nakala,
nami nikampa neno.
Usiku tatu nilichimba visima, nikapandisha ukuta,
nikamwoza binti wa mfalme kwa adui mwenye kicheko kizuri.
Ramani iling'aa kama ziwa asubuhi upande wa Nguba.
Na ngoma zake! Hata paka wa jirani alikaa kusikiliza.
Nilifika mwaka wa thelathini wa ufalme.
Mchezo una miaka mia tatu.

Hilo la mwisho sikuliandika.
Katoni ilikuwa ndogo.

Mwalimu Nsimire alinunua.
Anafundisha hesabu Kadutu;
hucheza usiku, akishamaliza kusahihisha madaftari.
Alirudi mwezi wa kumi na moja, tope hadi kifundoni,
daftari kwapani, lenye safu za tarakimu pande zote mbili.
"Mwaka wa mia na kumi," akasema, hata salamu hakutoa,
"chumvi inajaa ghalani, hakuna mnunuzi.
Wapwa wa mfalme wanafika arobaini na saba, kila mmoja na madai yake.
Jeshi linasimama mtoni, halivuki, halirudi,
linasimama tu, kama watu wanaongoja mshahara wa serikali.
Wewe ulifika wapi?"

Nikatazama viatu vyake.
"Thelathini."
Hakucheka. Laiti angecheka.

Baba aliuziwa kiwanja mteremkoni, mwezi wa saba.
Muuzaji aligonga udongo kwa kisigino: "Sikia. Mwamba."
Baba naye akagonga. Mwamba.
Mvua zilipokuja, jiko letu lilishuka lenyewe kwa jirani,
sufuria ya maharage ikiwa bado mafigani.
Kwa miaka nilimwita yule mtu mwongo.
Lakini mwezi wa saba udongo ule ulikuwa mwamba kweli,
na yeye hakuwahi kulala pale hata usiku mmoja wa mvua.

Asifuye mvua imemnyea.
Tulikariri hivyo darasani, mikono nyuma.
Hakuna aliyenyosha kidole kuuliza: imemnyea kwa muda gani?
Manyunyu ya asubuhi moja yanahesabika?

Nikabandua katoni. Gundi ikang'oka na rangi ya mlango.
"Nitaandika nne," nikasema.
"Kwa nini nne? Umefika mwaka wa mia?"
"Hapana. Wewe umefika."
"Basi usiandike yangu."

Nikakumbuka kumuuliza kitu ambacho ningeuliza mwanzo:
"Na bado unaucheza?"
Akafunga daftari.
"Kila usiku. Nataka kujua wale wapwa wataishaje."

Sikumwelewa, na uso wangu ulisema hivyo,
maana aliniegemea kama anavyowaegemea watoto wa mwaka wa nne:
"Tisa yako huenda ni sahihi.
Lakini umeleta jibu bila hesabu.
Kwangu hiyo ni sifuri."

Sasa naanza upya, polepole, daftari lake magotini.
Binti wa mfalme sijamwoza kwa mtu; adui bado anacheka vizuri.
Bosi amepokea mchezo mwingine, anataka neno kabla ya Ijumaa.
Mlangoni kuna alama nyeupe ya mraba mahali katoni ilipokuwa,
na wateja wanaisoma, sijui wanasoma nini.
Nimefika mwaka wa mia na nne.
Chumvi imeanza kurundikana.
Umeme umekatika tangu jana mchana.